Siki, dripu na jiwe la kisimani

Swali lilitoka kwa kijana wa Kidato cha Tatu, skuli ninayosomesha hapa Wete: "Mwalimu, kama tindikali inakula jiwe, si ikimwagwa kwenye ufa wa mwamba ufa utazidi kutanuka tu?" Tulikuwa tunazungumzia gesi inayochimbwa huko Marekani kwa kuipasua miamba ya sheli ili ipite kwenye nyufa (siyo sheli ya kujazia petroli, darasa zima lilicheka). Nikajibu ndiyo. Nilijibu haraka mno.

Sheli ni tope la kale lililogandamizwa hadi likawa mwamba wa tabaka tabaka. Ndani yake mna udongo, chembe za mchanga na, baadhi ya mahali, chokaa nyingi, kama ile ya Eagle Ford kule Texas. Tindikali inakula chokaa, udongo inauacha palepale. Sasa huo udongo unakwenda wapi?

Sheli sikuwa nayo. Fundi mmoja wa visima alinipa mawe ya kijivu aliyoyatoa chini, yanabanduka kama mkate wa kusukuma. "Mwalimu, haya utayapika?" akaniuliza. Nilipoyadondoshea siki yalitoa povu, ila si la fujo kama la tumbawe. Chokaa imo, na udongo umo.

Nilianza na maji ya betri. Kosa. Povu lilitoka kidogo likakata, jiwe likabaki na utando mweupe: tindikali ile ikikutana na chokaa inazaa jasi, na jasi inalifunika jiwe. Kanga yangu nayo ikatoboka matundu. Msijaribu.

Nikahamia siki nyeupe. Nililipasua jiwe, nikarudishia vipande, kingo nikaziba kwa silikoni, juu nikafunga mrija wa dripu. Kikombe cha kahawa kilijaa kwa dakika 20. Saa mbili baadaye, dakika 14. Nikaona kijana kapatia. Jioni, dakika 45! Nilidhani mrija umeziba. Nikaukagua, mzima.

Asubuhi nikalifungua. Pale siki ilipoingilia, kuta za ufa zilikuwa zimevaa ngozi laini ya kahawia, ukucha wangu ukazama ndani yake. Sehemu ilikuwa imemeguka, ikashuka na kukwama pale ufa unapokuwa mwembamba. Upande wa kutokea jiwe halikuguswa, siki ilikwisha makali njiani. Nilihakikisha kwa maji ya choya: siki mbichi inayaacha mekundu, iliyopita kwenye jiwe inayapeleka zambarau.

Tumbawe nililifanyia vivyo hivyo, halikuziba hata kidogo. Lenyewe karibu lote ni chokaa, halina cha kuacha nyuma. Ndivyo maji ya mvua, yenye kaboni dayoksaidi, yalivyochimba mapango ya maweni kule Jambiani.

Darasani nikakiri kosa langu. Kipande chenye ngozi nikakibana kwenye jiriwa ya skuli. Ngozi ikapondeka, ufa ukafumba. Na huko chini mwamba unalemewa na uzito ambao jiriwa yetu haiufikii.

Yule kijana akatazama weee, kisha: "Na wachimbaji wakiisukuma tindikali kwa kasi, mwalimu?" Safari hii sikuharakia. Nikamwambia ingefika mbali kabla haijakwisha makali, na huenda ingeusomba na udongo. Fundi kaahidi jiwe jengine akianza kisima kipya. Silikoni nishanunua.