Sakitu haipandi gari moja na baridi ya Julai

Jirani yangu hapa Uthiru, Nairobi, mwezi wa saba ukifika, hujikunyata kwenye sweta na kuniuliza kama viazi vyangu kule nyanda za juu za Kinangop bado havijaganda. Havijaganda. Julai tunakaa chini ya mawingu kutwa kucha, na mawingu hayo ndiyo yanayozuia joto la ardhi lisitoroke usiku. Tatizo la Julai ni manyunyu na blaiti, ugonjwa wa viazi unaopenda unyevu.

Sakitu yetu, ile barafu nyembamba inayoganda kwenye majani, hupenda hasa Januari na Februari, wakati watu wa Nairobi wanalalamikia joto. Mchana jua kali, usiku anga halina wingu, upepo umetulia. Alfajiri majani yana weupe. Saa nne yamelegea na kuwa meusi. Wenye chai Kericho na Nandi hawajasahau Januari ya 2012.

Kwa hiyo hesabu yangu naianzia mwisho. Shangi, aina ya viazi ninayopanda, hukaa shambani kama miezi mitatu. Nikipanda katikati ya Oktoba, mvua za vuli zikigusa tu udongo, katikati ya Januari majani yenyewe yameanza kuwa manjano na viazi vimeshajaa. Sakitu ikichoma hapo, imechoma kitu kilichokuwa kinakufa. Anayengoja mwisho wa Novemba ndiye hukutwa viazi vikiwa saizi ya yai, na hapo atauza vya kulisha ng'ombe.

Kuwahi kunategemea mbegu. Shangi hailali sana ghalani, hilo watu huliona kama ubaya wake, lakini mimi ndilo ninalolipendea. Mbegu iliyochimbwa Julai naitandaza mahali penye mwanga usio wa jua moja kwa moja, na Oktoba inakuwa na machipukizi mafupi, manene. Mbegu iliyofichwa gizani hutoa machipukizi marefu meupe yanayovunjika ukiyashika.

Halafu kuna suala la mahali. Shangazi yangu kule Njabini, huko huko Kinangop, anayenisimamia shamba, ana kipande kando ya kijito chenye udongo mweusi ajabu, na kila mgeni hushauri tupande viazi pale. Shangazi hucheka: "Baridi nayo huteremka mtoni usiku, kama ng'ombe wakienda kunywa maji." Pale tunapanda kabichi, haziogopi. Viazi viko juu, kwenye mteremko.

Utabiri wa Nairobi usikudanganye. Napita Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner karibu kila siku na nawaheshimu, lakini mji uko kama mita 1,700 juu ya bahari na Njabini ni zaidi ya 2,400. Hapo umeshapoteza nyuzi nne hivi za joto, kabla hujahesabu kwamba kipimajoto huinuliwa juu kutoka ardhini, na chini kwenye majani usiku wa anga wazi ni baridi zaidi. Nikisikia nyuzi kumi mjini na hakuna wingu, nampigia shangazi anyweshe shamba jioni, maji yakiwepo. Udongo wenye unyevu hushika joto kuliko mkavu.

Na ikishachoma, usikimbilie kung'oa. Mimea michanga mara nyingi huchipua tena kutoka chini. Iliyokomaa nayo iache wiki mbili ardhini ngozi ya viazi ikaze, ndipo uite gari la Marikiti, soko la Nairobi.