Majani Thelathini

Babu yangu alikuwa anahesabu kila kitu kwa thelathini. Mayai, magunzi ya mahindi, hata siku ambazo bibi alilala kitandani kabla hajafariki. Akifika thelathini anakunja kidole kimoja, anaanza tena moja. Tulipokuwa wadogo tulidhani ndivyo Waha, kabila la babu kutoka Kigoma, wanavyohesabu. Nilikuja kuelewa nikiwa darasa la saba, siku mjomba aliponichukua shambani nikawaona wakataji wa mkonge kazini. Jani linakatwa shinani, mwiba wa ncha unaondolewa kwa pigo moja la kisu, jani linalazwa. Yakifika thelathini yanafungwa kitita, kinatupwa kando. Thelathini mengine. Nilisimama pale nikiwashwa na maji ya mkonge yaliyonirukia mkononi, na ndani yangu nikasema: kumbe babu hakuondoka shambani hata siku moja.

Nimemkumbuka kwa sababu ya maneno ya shemeji yangu. Tulikuwa Korogwe kwenye arobaini ya shangazi, wanaume tumekaa nje chini ya turubai, mazungumzo yakaingia siasa kama kawaida. Shemeji ni kijana mchapakazi, ana duka la simu, nampenda. Akasema ubepari ni watu kununua na kuuza tu, umekuwepo tangu dunia iumbwe, na kwamba nchi hii ilikuwa inakwenda vizuri mpaka wajamaa walipoingia kuiharibu na kuua mkonge. Wengi wakaitikia. Mimi nilinyamaza, msibani si mahali pa kubishana na mtu. Lakini mimi ni mjamaa, ninafundisha historia mwaka wa kumi na tisa huu, na kunyamaza kule kumenikosesha usingizi. Basi shemeji, nakujibu hapa.

Kununua na kuuza kweli ni jambo la zamani. Pangani walikuwa wanafanya biashara na Unguja na Bara Hindi kabla hajazaliwa babu wa babu yako. Ubepari ni kitu kingine. Ubepari unahitaji mtu asiye na chochote cha kuuza isipokuwa mikono yake, tena wa aina yake wawe wengi, tena wawepo kila asubuhi. Mtu wa namna hiyo haoti shambani. Lazima atengenezwe.

Angalia alivyotengenezwa hapa kwetu. Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani, pale Pangani, baada ya watu wa pwani kupigana nao zaidi ya mwaka mzima. Miaka minne baadaye, 1893, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, akaagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto kutoka Pangani hiyohiyo. Ardhi ilikuwa imeshachukuliwa kwa bunduki. Mche ulikuwepo, mtaji ulikuwepo. Kilichokosekana ni mkataji, kwa sababu Wabondei, Wazigua na Wasambaa walikuwa na migomba yao, mihogo yao na mbuzi wao, na hawakuona sababu ya kuamka alfajiri kumkatia mtu majani yenye miiba. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ikatangaza kodi ya nyumba. Kodi inataka fedha, na fedha iko kwa mwenye shamba. Hapo ndipo "soko huria la ajira" lilipoanzia Tanga.

Uingereza yenyewe walifanyiana hivyohivyo. Wakulima walifungiwa malisho na mashamba ya pamoja, wakazungushiwa ua ili kondoo wa bwana wapate nafasi, halafu aliyeonekana anazurura bila kazi akachapwa viboko kwa sheria. Huwa nawasomesha wanafunzi mambo haya mawili kwa siku moja, yakiwa bega kwa bega, na hawahitaji maelezo mengi.

Babu aliondoka Kasulu mwaka 1951. Wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyoanzishwa 1944, na mikoa ya mbali kama Kigoma ilifanywa kuwa ghala la watu. Aliniambia walipanda treni mpaka Morogoro, halafu lori mpaka Korogwe, kila mmoja na namba yake shingoni. Ndio maana wakaitwa manamba. Mnyapara hakumwita kwa jina lake kwa miaka miwili ya kwanza. Ulikuwa wakati wa vita vya Korea, bei ya mkonge duniani imepanda mno kwa sababu meli na majeshi wanataka kamba. Babu hakujua habari za Korea. Alichojua ni kipande.

Kipande chake cha mwisho ninacho, kimetunzwa kwenye mkebe wa majani ya chai pamoja na cheti cha ubatizo cha mama. Ni kadi ngumu yenye vyumba thelathini. Kila ukimaliza kazi uliyopangiwa, kwake yeye vitita sabini, mnyapara anatia alama kwenye chumba kimoja. Usipomaliza, hata kama umefikisha vitita sitini na tano na mikono inatoka damu, chumba kinabaki kitupu na siku hiyo haipo. Mshahara unalipwa vyumba vyote thelathini vikijaa, si mwezi ukiisha. Kwa hiyo mwezi wa babu ulikuwa na siku arobaini, wakati mwingine zaidi. Kwenye hiki nilicho nacho, chumba cha ishirini na sita kimeandikwa kwa wino wa rangi tofauti na kimechanika kidogo, kana kwamba kalamu ilikandamizwa kwa nguvu. Nimekikazia macho mara nyingi. Sijui mnyapara alikuwa na hasira au babu alikuwa amembembeleza.

Shemeji, sasa nije kwenye ujamaa, na hapa sitakuficha kitu.

Ulisema wajamaa waliua mkonge. Wakati wa uhuru nchi hii ilikuwa ya kwanza duniani kwa kuzalisha mkonge, na mwaka 1964 tulivuka tani 200,000. Mwishoni mwa miaka ya tisini hazikufika hata 30,000. Hayo ni kweli. Lakini bei ilianza kuporomoka miaka ya sitini, kabla ya Azimio la Arusha, pale kamba za nailoni na za plastiki zitokanazo na mafuta zilipoingia sokoni. Wenye mashamba waliona mapema. Serikali ilipotaifisha mashamba mwaka 1967, mengi yalikuwa na mikonge iliyozeeka ambayo hakuna aliyetaka kuipanda upya. Tulirithi ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa.

Ila kuna jambo linaloniuma zaidi ya bei. Wakataji walikuwa na sauti yao wenyewe kabla ya uhuru. Mwaka 1958 migomo ilitikisa mashamba ya mkonge, na ule wa Mazinde mpaka leo wazee wa Lushoto na Korogwe wanausimulia. Babu aligoma. Aliniambia walikula mabungo na mchicha pori wiki nzima na hakuna aliyerudi kazini. Chama chao cha wafanyakazi wa mashamba kilikuwa na nguvu. Uhuru ukaja, na mwaka 1962 ikatungwa sheria iliyofanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, alipelekwa uhamishoni Sumbawanga na serikali ya watu weusi wenzake. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, shirikisho la vyama huru vya wafanyakazi, TFL, likavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi chini ya serikali. Kwa hiyo Azimio lilipokuja miaka mitatu baadaye kusema tumenyonywa kiasi cha kutosha, maneno ambayo ninayaamini mpaka leo, yule aliyenyonywa alikuwa ameshanyang'anywa mdomo. Shamba likawa la umma. Meneja mweusi akahamia kwenye nyumba ileile ya kilimani yenye baraza pana. Vitita vikabaki vya majani thelathini.

Nawaambia wajamaa wenzangu hili kila tunapokutana na wengine hawapendi. Wafanyakazi wenyewe walilisema zamani. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipokataza viongozi kuwa na majivuno na uonevu, wafanyakazi waliuchukua kwa uzito wake, wakawasimamisha mameneja getini, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha Mount Carmel Rubber, Dar es Salaam, waliteka kiwanda wakakiendesha wenyewe. Vuguvugu lile likazimwa na dola. Kwangu mimi pale ndipo ujamaa wetu ulipopata jeraha lake, kuliko popote pengine.

Na ugomvi wetu wa leo una shida hiyohiyo. Juni 2023 Bunge lilipopitisha makubaliano ya bandari na Dubai, nchi nzima ilizungumza. Nilifuata mjadala ule usiku na mchana. Nilisikia Tanganyika na Zanzibar, nilisikia mgeni na mzawa, nilisikia ubishi wa miaka ya mkataba, ikaja kuwa 30 kwa magati ya Dar es Salaam. Kuhoji vile ilikuwa haki yetu kabisa, na waliokamatwa kwa kuhoji hawakustahili. Lakini mpakuzi wa mizigo, ambaye wazee wake waligoma bandarini Dar mwaka 1947 na mgomo ukapanda na reli kwenda bara, nilimsikia mara ngapi? Tunagombana kuhusu pasipoti ya mwenye mali. Mkonge wa Tanga umeshamilikiwa na Mjerumani, na baada ya vita ya kwanza Mwingereza akauuza kwa Wagiriki, kwa Wahindi na kwa Waingereza wenzake, halafu Serikali, halafu wawekezaji. Pasipoti zote zimepita hapa.

Nikuonyeshe kwa mtoto wa shangazi yangu, yule aliyekuwa anagawa chai siku ile ya arobaini. Yeye si manamba. Ana shamba lake la mkonge, hekta chache, kama wakulima wadogo wengi wa Korogwe tangu mashamba ya Serikali yabinafsishwe. Kwa maneno yako shemeji, yeye ni mfanyabiashara. Haya, jani la mkonge likikatwa halisubiri. Likikaa siku mbili tatu linakauka na singa, yaani nyuzi zake, haitoki vizuri. Na ni zito: katika kilo 100 za majani, singa ni kama kilo 4 tu, iliyobaki ni maji na makapi, kwa hiyo huwezi kulipakia lori ulipeleke mbali kutafuta bei. Lazima liende korona, ile mashine ya kusindika, iliyo karibu. Korona iliyo karibu ni moja. Mwenye korona ndiye anayepima, ndiye anayepanga daraja, ndiye anayekata gharama za usafiri, za kusindika na za mkopo wa miche, kisha anakupa karatasi. Msimu uliopita karatasi ya ndugu yangu ilionyesha anadaiwa. Alikuwa amekata, amefunga, amepeleka, mke wake amepalilia kwa mkono, na mwisho wa yote anadaiwa. Alikuja kwangu usiku na karatasi ile ili nimsaidie kuielewa. Tulikaa mpaka saa sita na kikokotoo cha simu. Uzito wa singa uliandikwa, uzito wa majani haukuandikwa popote, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kujua kama singa ile ni yote.

Shamba ni lake kwa hati. Lakini asubuhi anaamka kwa ratiba ya korona, anakata kiasi inachotaka korona, analipwa inavyoamua korona. Ukiniuliza ubepari ni nini, nitakupeleka ukasimame pale mlangoni pa korona, kwenye ile harufu kali ya maji ya mkonge yaliyochacha, umwangalie mtu mwenye hati akisubiri aambiwe mali yake ina uzito gani.

Wamekwisha kuzungumza, yeye na wenzake zaidi ya ishirini. Hawadai korona itaifishwe, wala hawadai ifungwe. Jumamosi wana mkutano shuleni kwetu, chumba cha kidato cha pili, mwalimu mkuu ametuazima ufunguo. Ajenda yao ya kwanza ni kwamba majani yapimwe mbele ya mkulima kabla hayajaingia kwenye mashine, na kitabu cha mizani kisomwe kwa sauti kila Ijumaa. Ya pili ni kuwaita wakataji ambao ni vibarua nao waingie, maana hao ndio bado wanahesabiwa vitita. Hiyo ya pili ina upinzani, wapo wakulima wanaoogopa gharama zao za ukataji zitapanda. Nimeombwa kuandika kumbukumbu za mkutano. Kipande cha babu nitakwenda nacho. Shemeji, duka ukifunga saa kumi utatukuta bado tupo.