Kupima uoksidishaji na msuguano wa kompositi ya kaboni na silikoni kabidi

Kwa kompositi (nyenzo za mchanganyiko) za nyuzi za kaboni zilizoshikwa na silikoni kabidi, kauri ngumu ya silikoni na kaboni, zile za diski za breki, joto ninaloliogopa si lile kali kupita yote. Kaboni huanza kuungua hewani kati ya 400 na 500°C, ilhali silikoni kabidi haijajijengea utando wa silika (oksidi ya silikoni) wa kuziba nyufa. Na nyufa zimo tangu kiwandani, maana nyuzi na silikoni kabidi hazisinyai sawasawa zinapopoa. Ndiyo maana huanza na 600°C, kisha 800, kisha 1,000.

Sampuli naziosha kwa ethanoli, nazikausha kwa 110°C saa mbili, nazipoza ndani ya chombo chenye silika jeli ya kunyonya unyevu, ndipo nazipima hadi miligramu 0.1. Zishikwe kwa koleo tu: sodiamu ya jasho huharakisha kuungua kwa kaboni, na penye alama ya kidole huweza kuliwa kabla ya kwingine. Tanurini zisimame juu ya vishikizo vya alumina, kauri isiyoungua. Ikilala bapa, upande wa chini hukosa hewa.

Mizani peke yake naiamini nusu. Kaboni ikiungua uzito hupungua, lakini kila gramu 40 za silikoni kabidi zinazooksidika huwa gramu 60 za silika. Kwenye 1,000°C na zaidi, hasara na faida zaweza kufutana, sampuli ikaonekana nzima kumbe nyuzi zimeliwa. Kwa hiyo nakata, nasugua hadi ing'ae, naangalia kwa hadubini. Ya 600°C huliwa kidogokidogo hadi ndani. Ya 1,000°C huliwa zaidi ukingoni na kwenye midomo ya nyufa.

Kwenye msuguano, vipimo vya mwanzo sivihesabu mpaka diski na pedi zizoeane na mchoro wa msuguano utulie. Unyevu nauandika kila mara, kwani maji yaliyonata kwenye kaboni hushusha kizigeu cha msuguano, yaani namba inayoonyesha ukubwa wa msuguano. Sampuli iliyokwisha oksidishwa huwa na vishimo pale nyuzi zilipokuwa, silikoni kabidi ikabaki imechomoza na kuikwangua pedi, na mchoro hurukaruka. Pedi na diski nazipima mbalimbali: diski huweza kuongezeka uzito kwa unga wa pedi ulioganda juu yake, huku yenyewe inalika.