Ziwa lilipofungwa, nikageuzwa mwalimu wa chekechea

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi. Miezi mitatu, hadi 15 Agosti, hakuna kutia wavu majini, samaki wazaliane. Sisi wavuvi wa Kibirizi, hapa Kigoma, tumezoea mapumziko ya mbalamwezi: mwezi ukiwa mpevu taa zetu hazivuti dagaa, basi tunakaa nchi kavu siku kadhaa, tunashona nyavu, giza likirudi tunarudi. Miezi mitatu mfululizo ni habari nyingine kabisa. Wiki ya kwanza nilishona kila jicho la wavu lililotoboka. Wiki ya pili nikaanza kumkosoa mke wangu anavyowasha jiko. Wiki ya tatu Mama Shani alibeba madumu yake ya mawese kwenda soko la Mwanga, akasimama mlangoni, akasema: "Baba Shani, hao watoto leo ni wako. Na Januari Shani anaanza awali, hajui hata kushika penseli. Fanya kazi."

Shani alikuwa na miaka minne na nusu hivi. Mdogo wake Idi, miwili na kitu. Mimi ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilivushwa kama mtumbwi kwenye mchanga.

Ushauri ulikuja bila kuitwa. Mzee mmoja wa mtaani aliniambia niweke fimbo mezani. "Si lazima uchape, aione tu." Mwingine, huyu kijana wa mjini mwenye simu kubwa, akasema nunua bango la herufi, bandika ukutani, mtoto atasoma mwenyewe. Fimbo sikuweka, nilizokula mimi utotoni zilitosha. Bango nikanunua. Elfu tatu, nne, sikumbuki vizuri, pamoja na daftari na penseli mbili haikufika elfu sita.

Nilipofika nalo nyumbani ndipo nikaona ni la Kiingereza. Kwenye A kuna tufaa, kitu ambacho Shani hajawahi kukishika maishani. Kwenye C kuna paka. Basi wiki nzima ukimuonyesha C anakujibu kwa sauti ya ushindi: "Paka!" Nikimwambia hapana, ananitazama kama mtu ambaye macho yameanza kufifia. Na picha kweli ni ya paka. Ningemjibu nini?

Nikahamia kwenye daftari. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikaushika mkono wake ndani ya mkono wangu, tukaandika "a" kumi na mbili. Nilipouachia, ile ya kumi na tatu ikatoboa karatasi mpaka ukurasa wa tatu. Nikasema rudia. Ikatoboa. Nikapandisha sauti, na sauti yangu mimi ni ile ya kushindana na injini ya boti usiku. Shani akalia. Idi, ambaye hakuhusika na chochote, akalia kumuunga mkono. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na ndoo akasimama uani kuuliza msiba ni wa nani.

Siku ile nikaacha shule. Nikatoka nje na sindano ya nyavu, nikaendelea na wavu wangu wa kutega, ule wa macho makubwa, maana mikono yangu haijui kukaa. Shani akaja kimya, akataka na yeye ashone. Nikampa. Hakuweza hata kuibana ile sindano kati ya kidole gumba na cha pili. Ilimponyoka, ikamponyoka tena. Nikagundua kumbe hakuwa mkaidi wala mzito: vidole havikuwa na nguvu. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi ziwani sikupewa injini siku ya kwanza. Nilipewa kopo nichote maji yanayoingia chomboni, mwezi mzima. Sasa mtoto nimemrukishaje moja kwa moja mpaka penseli?

Kesho yake nikamletea maboya. Tunayo ya kukata kutoka kwenye ndala zilizokufa, yana tundu katikati, na rangi ni ndala ilivyokuwa. Kamba nikaiunguza ncha kidogo iwe ngumu. Kazi: tunga. Akatunga bila mpangilio asubuhi nzima, nikamwacha. Mchana nikatunga ya kwangu: nyekundu, bluu, bluu, nyekundu, bluu, bluu. Kisha nikakosea makusudi, nikatia nyekundu mbili. Aliniona. "Baba umekosea!" Furaha aliyopata hapo sijawahi kumwona nayo hata sikukuu. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kukosea kila siku. Nahesabu moja, mbili, nne. Nasema bata ana miguu mitatu. Mtoto ambaye haambiliki ukimfundisha atakufundisha wewe mpaka jua lizame, na huku anajifunza bila kujua. Hii sikuambiwa na mtu, nimeigundua mwenyewe, na nikipata nafasi naisema hata kwenye msiba.

Vibanio vya nguo navyo vilisaidia sana. Nilikata samaki wa boksi, nikafunga kamba chini ili aifikie, akawa anawaanika. Kibanio kigumu kinataka nguvu kuliko penseli. Samaki watano leo, kesho saba.

Halafu nikajitosa kwenye ufinyanzi. Kuna mama jirani alinieleza unga wa kuchezea: vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, mafuta kidogo, maji unatia kidogo kidogo huku unakanda. Hakusema unga gani, na mimi kwa kubana matumizi nikatumia wa mahindi. Ukawa unamomonyoka kama kingo za mto. Nikakubali hasara, nikachukua unga wa ngano wa Mama Shani kule juu kabatini. Ukakandika vizuri, mlaini, Shani akafinyanga nyoka, mkate, na kitu alichosema ni mimi. Tukauacha kwenye bakuli, tukaufunika na kitambaa, tukaenda ziwani kuoga.

Mama Shani akarudi sokoni amechoka. Akafunua bakuli. Akaona mume wake, kwa mara ya kwanza tangu ndoa, amemkandia unga wa chapati. Akasukuma, akakaanga, hata akaimba kidogo. Tulipofika chapati sita ziko mezani na chai imemiminwa. Alivyokuwa amefurahi sikuwa na moyo wa kusema. Nikamega, nikatafuna. Kikombe kizima cha chumvi, ndugu zangu. Na yeye akamega. Chapati zile hata kuku walizigusa mara moja wakaenda zao.

Ndipo nikaanza kutia mawese kwenye ule unga, kusudi asije mtu akachanganya tena. Kijiko kimoja tu unakuwa na rangi ya chungwa inayopendeza, haushiki mikononi, na ukiufunga kwenye mfuko unakaa siku kadhaa. Mwenye kuishi Kigoma hana haja ya kununua rangi ya dukani. Ila vaeni nguo mbovu.

Kuandika sasa. Hiki nacho kilipatikana kwa bahati. Asubuhi mchanga wa ufukweni ukiwa umelowa unashika mstari vizuri, na kidole hakihitaji kubana chochote. Nikaandika ba. Sikusema "bi" wala "A, B, C", nilisema ba, kama ulivyo mdomoni. Nikaandika tena ba pembeni. Baba. Akacheka kwamba mimi nimelala mchangani. Wimbi likaja likanifuta, akaniandika upya mwenyewe, nikiwa nimepinda. Ukikosea kwenye daftari kosa linakukodolea macho siku nzima. Pale, wimbi moja tu na hakuna ushahidi. Ma, sha, ni zikafuata ndani ya wiki mbili. Usiende mchana, mchanga unaunguza na umekauka, na mtoto asiwe karibu na maji akiwa peke yake hata dakika moja. Hilo kwetu halina mjadala.

Maharage ya kuhesabia nilianza nayo mapema nikajuta. Idi aliingiza moja puani. Tulikwenda zahanati, likatolewa kwa kifaa kama kibano, nikapewa maneno ambayo mwanaume hapendi kupewa mbele ya watu. Toka hapo maharage yanatoka Idi akiwa amelala tu, na yeye nikampa kopo na beseni la maji, amimine, achote, amimine.

Beseni hilo ndilo lililotuletea matatizo mengine.

Nilianzisha mchezo wa kuzama na kuelea. Sheria moja: kwanza useme unavyodhani, ndipo utie. Jiwe, linazama. Kipande cha ndala, kinaelea. Kijiko, kinazama. Ukuni mkubwa, akadhani utazama kwa sababu ni mzito, ukaelea, akautoa akautia tena mara nne. Yai likazama, nikakoroga vijiko vingi vya chumvi kwenye glasi ya maji, yai likaelea, na hapo hata mimi nilikaa chini. Shani akawa mtu wa kupima kila kitu. Siku moja tuko mwaloni, mimi nimenogewa na mazungumzo na wenzangu juu ya lini ziwa litafunguliwa, nikasikia sauti nyuma yangu ikitangaza kwa furaha: "Baba! Umezama!"

Ulikuwa ufunguo wa nyumba. Mmoja tu, hakuna wa pili, maana wa pili niliupoteza mimi mwaka juzi na sikumwambia mtu.

Fundi akavunja kitasa. Kingine kipya na kazi yake vilikula kama elfu ishirini, kipindi ambacho hakuna hata senti inayotoka ziwani. Kitasa kipya kikawa kidogo kuliko cha zamani, mlango ukabaki na tundu ambalo ukilala unaona taa za jirani. Nikalibandika lile bango la herufi hapo. Mpaka leo paka wa C anaziba tundu vizuri sana, nasema wazi kwamba ile pesa haikupotea yote.

Ningegombeza, ila jioni hiyo tulishuka mjini, tukapita upande unaoiona bandari, na Shani akasimama. Pale ilikuwa imefungwa Liemba, ile meli kongwe. "Baba, ile ni chuma?" Chuma. "Ufunguo ni chuma?" Chuma. "Mbona yenyewe haizami?"

Miaka kumi na minane nafanya kazi majini, swali hilo sikuwahi kujiuliza. Nikamjibu kiume: ina injini. Akaitazama. "Injini imezimwa." Kweli, imezimwa, na inaelea.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikachukua udongo wa kufinyangia, donge kama ngumi ya mtoto. Nikalitia beseni, likazama. Nikalitoa, donge hilohilo, nikalifinyanga kuwa kibakuli chenye kuta nyembamba, nikakipaka mawese kisinywe maji haraka, nikakiweka juu ya maji taratibu. Kikaelea. Nilipiga kelele kabla ya Shani. Kumbe ni tumbo: kibakuli kinasukuma maji mengi pembeni, donge linasukuma machache, na maji yaliyosukumwa ndiyo yanakibeba. Mitumbwi yote niliyopanda ilikuwa inaniambia hivyo, nami sikusikia.

Idi alikuwa amelala, basi maharage yakatoka. Chombo cha kwanza cha Shani kilibeba 9 kikaenda chini. Akapanua cha pili, akashusha kuta, kikabeba mpaka akaishiwa namba, maana alikuwa anajua kufika 20 tu. Nikamwonyesha anavyofanya mama yake sokoni: panga mafungu. Kumi, kumi, kumi, na mawili. Mama yake aliporudi alikuta mwanawe anamfundisha kuhesabu mafungu, akanitazama bila kusema kitu. Kwangu hiyo ni shahada.

Nikamwambia Shani na habari ya Liemba yenyewe, kama nilivyoipata kwa wazee: kwamba Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao mwaka 1916 wasije kunyang'anywa, wakiwa wameipaka injini grisi nyingi, kwamba ilikaa huko chini mpaka Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kufanya kazi. Akafikiri muda mrefu. "Kwa hiyo na ufunguo wetu utainuliwa."

Agosti ziwa likafunguliwa, nikarudi kazini, na Januari yeye akaenda awali na penseli yake anaishika bila kutoboa kitu. Nikirudi alfajiri hanisalimii kwanza wala haulizi tumepata ndoo ngapi. Anapekua wavu, jicho kwa jicho, anatafuta ufunguo.