Siku moja na picha ya mita mbili

Saa 12:30 asubuhi. Niko ng'ambo ya Mji wa Kale wa Mombasa, upande wa Nyali, jua liko mgongoni mwangu na nyumba za ufukoni zimeanza kupata rangi. Maji yamejaa, miamba imefunikwa. Mteja ni mama mwenye mkahawa mle mjini, anataka picha ndefu kuanzia Fort Jesus hadi Bandari ya Kale. Nimesimamisha kamera wima juu ya stendi, nikafunga mwangaza na rangi zisibadilike, kisha nikapiga picha 9 kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikiingia theluthi ndani ya mwenzake.

Saa 2:30. Chai, mahamri na Hugin, programu ya bure ya kuunganisha picha ninayoiamini sana. Picha zimeungana, ila mashua moja imetokea mara mbili kwa sababu ilikuwa ikienda nilipokuwa nikipiga. Ile ya pili ina nusu tanga, na nahodha hana kichwa. Nimeifunika hiyo mbovu, nikaunganisha upya, nikanyoosha na mstari wa maji uliokuwa umepinda kama upinde. Zimebaki pikseli 25,000 kwa 5,000.

Hapa sasa ndipo penye pesa. Wengi hukata picha wapendavyo, halafu ndio waulize bei. Mimi huanza na roli la karatasi. Roli la duka ninalochapisha lina upana wa inchi 36, yaani sentimita 91, na unalipia urefu uliokatwa, ujaze upana usijaze. Picha ya mita 2 kwa sentimita 40 peke yake inapoteza zaidi ya nusu ya karatasi! Kwa hivyo nimepanga mbili katika faili moja, hii na ya Daraja la Nyali niliyomuahidi mteja mwingine, katikati nafasi ya kupitisha kisu. Gharama wanagawana. Pikseli nimezipunguza hadi 200 kwa inchi, na kwa picha ya kutazamwa kutoka hatua mbili tatu, hata 150 zingetosha.

Saa 5. Dukani nimechapa kwanza kipande cha sentimita 10. "Iko sawa, kaka," kijana wa mashine akaniambia. Haikuwa sawa: milango ya mbao imekuwa weusi mtupu, kwa vile kioo cha kompyuta hung'aa kuliko karatasi. Nimeinua sehemu za giza, tukachapa tena, nakshi zikaonekana. Ndipo nikaruhusu mita 2 zitoke, na laminesheni, yaani utando wa plastiki, isiyong'aa juu yake.

Saa 8. Majengo, kwa fundi. Fremu ilikuwa tayari tangu juzi, maana vipimo nilivijua kabla ya kupiga picha. Tumegandisha karatasi juu ya ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa, bila kioo. Kioo cha mita 2 ni ghali na kizito, tena mwaka jana wakati wa masika picha yangu moja ilinata kwenye kioo kwa unyevu, ikachanika nilipoitoa. Nyuma fundi ameongeza papi ya katikati fremu isilegee, na pembeni vipande vinne vya raba ya ndara kuukuu, ili hewa ipite kati ya picha na ukuta.

Saa 11 jioni. Mkokoteni umetufikisha mkahawani. Tumeitundika kwa misumari miwili. Mama amekuja na mikono ya unga, akaweka kidole moja kwa moja juu ya ghorofa moja karibu na bandari. "Hapa ndipo nilipozaliwa, mwanangu."

Alama ya unga nimeifuta kwa kitambaa chenye maji.