Siku moja kliniki, na fizi nyeupe za Simba

Saa 1:00 asubuhi. Nashuka daladala Tegeta, sijafungua hata kufuli la kliniki ya wanyama, simu inaita. "Daktari, mbwa wangu Simba anaharisha kitu cheusi, jana hakula." Namwambia mzee asimpe dawa yoyote, achukue bajaji aje naye.

Saa 2:10. Simba kafungwa kanga. Mbwa wa kienyeji, kilo 14, nyonga zinamuuma tangu masika. Nafunua mdomo: fizi nyeupe kama karatasi. Kinyesi kinanata kama lami, na hiyo ni damu iliyovuja tumboni.

"Shikamoo mzee. Amekula dawa gani?"

"Marahaba mwanangu." Anatoa mfukoni karatasi ya vidonge vya diklofenaki, miligramu 50. Asubuhi kimoja, jioni kimoja, siku ya tatu leo. "Mimi inanisaidia mgongo. Nilimwonea huruma."

Huruma hiyo naijua, siwezi kumgombeza. Lakini dawa hizi, pamoja na ibuprofeni, huzima maumivu kwa kuzuia kemikali ambazo pia hulinda ukuta wa tumbo na kuziweka figo zikipata damu. Mbwa hawazimudu kama sisi. Kumtapisha sasa hakusaidii, leo ni siku ya tatu. Namtundikia dripu, nampa dawa ya vidonda vya tumbo, nachukua damu nipime figo.

Saa 5:00. Chanjo za kichaa cha mbwa, watoto wawili wa mbwa. Salama.

Saa 7:40 mchana. Dada wa Mbezi anauliza kama ampe mbwa wake panadol. Nimefurahi sana kwamba ameuliza kwanza! Ikizidi huharibu ini, na damu hushindwa kubeba oksijeni. Kwa paka hata nusu kidonge kinaweza kuua. Nimemwambia amlete.

Saa 9:00. Mbwa mzee wa aina ya jamani shepadi, anatumia kaprofeni, dawa ya maumivu ya mbwa hasa. Tulipima kwanza ini na figo, dozi inafuata kilo zake, anapewa na chakula, na kamwe haichanganywi na prednisoloni, dawa ya steroidi. Mwenye mbwa anasema juzi aliinuka mwenyewe kwenda getini kumpokea.

Saa 12:15 jioni. Majibu ya figo yamepanda kidogo. Simba analala kliniki. Mzee hajaondoka, yuko kwenye benchi, kanga imekunjwa mapajani. Mara Simba anasimama, anayumba, anakojoa sakafuni, mkojo mwingi.

"Mzee," namwita, "njoo uone."