Albamu ya kwanza ya pop rock: ngoma na besi zimeingia, sasa ni zamu ya magitaa

Nyimbo zilizobaki kwenye orodha ni 10, jumla yake dakika 36 hivi. Urefu huo umepangwa kwa ajili ya santuri ya inchi 12: upande mmoja hubeba vizuri dakika 18 hadi 20, na ukizidisha, mifereji inabanana na sauti inapungua nguvu. Nyimbo tulivu zitafunga kila upande, kwa sababu karibu na katikati ya santuri sauti nyembamba na kali ndizo huharibika kwanza.

Ufunguo wa kila wimbo, yaani noti kuu inayoamua wimbo uimbwe juu au chini, umechaguliwa kwa kusikiliza kiitikio, si ubeti. Mtunzi akitunga na gitaa kavu (lisilo la umeme) huku akiimba polepole, ufunguo huwa chini mno. Bendi nzima ikiingia, sauti yake inafunikwa. Baadhi ya nyimbo zimepandishwa toni nzima. Kasi nayo imefungwa mapema, maana ikibadilika baadaye, ngoma zinarudiwa zote.

Ngoma zimerekodiwa kwa kliki (mdundo wa mashine wa kushikia kasi), pamoja na gitaa na sauti ya muda vya kumwongoza mpigaji. Rekodi ni ya biti 24 na kilohezi 48, vilele vya sauti vikiishia karibu na desibeli -10, kikomo kikiwa 0. Maikrofoni mbili zilizo juu ya ngoma zilipimwa kwa kamba kutoka katikati ya snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali), umbali sawasawa; zikipishana, snea inahamia upande mmoja na kukonda. Maikrofoni ya chini ya snea iligeuzwa polariti, yaani mawimbi yake yalipinduliwa, la sivyo hufutana na ile ya juu.

Besi imepita njia mbili kwa pamoja, moja kwa moja kwenye mashine ya kurekodia na kupitia spika yenye maikrofoni. Sauti husafiri sentimita 34 hivi kwa milisekunde moja, kwa hiyo treki ya spika (sauti iliyorekodiwa peke yake kupitia spika) huchelewa. Isogeze ianze mapema kidogo, besi inajaa papo hapo.

Kazi kubwa sasa ni magitaa, na hapa ndipo albamu nyingi za kwanza huharibika. Gitaa la kushoto na la kulia lazima lipigwe mara mbili kweli. Kunakili treki ile ile hakupanui chochote, kunaongeza ukubwa wa sauti katikati tu. Mkwaruzo wa gitaa la umeme (distortion) upunguzwe kuliko ule wa jukwaani, kwani treki nne zenye mkwaruzo mwingi hugeuza kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kuwa uji. Kwenye viitikio, wimbo wa ufunguo wa G unapata gitaa la pili lenye kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye fireti ya 5, yaani kijiti cha tano cha shingo ya gitaa, likipigwa kwa umbo la vidole la D: noti zile zile, mpangilio mwingine, na upana unatokea bila kuongeza kelele. Gitaa kavu limewekewa maikrofoni sentimita 30 kutoka fireti ya 12. Mbele ya tundu linavuma mno. Nyuzi ni mpya, na kutuni hurudiwa kabla ya kila pigo, yaani kila mara ya kurekodi.

Sauti ya mwimbaji inafuata: sentimita 15 hadi 20 kutoka maikrofoni, kichujio cha pumzi mbele yake, na mapigo kamili manne ya kuchagulia mistari bora. Asipojisikia vizuri kwenye hedifoni, atajilazimisha na kupanda juu ya noti. Popote gitaa litakapogombana naye, la kupunguzwa ni gitaa.